Harufu ya Bwana Harusi

Koboko, 28 Agosti 1978

Nimefika. Niko mzima. Nayaandika hayo mawili kwanza kwa sababu tangu jana asubuhi sikuwa na hakika nayo.

Jeep ilisimama mbele ya ofisi ya mifugo pale Arua nikiwa nachemsha sindano. Askari wawili wakaingia. Wa kwanza akauliza, "Daktari iko wapi?" Nikamwambia Dakta Angelo aliitwa kambini wiki kadhaa zilizopita, kutoa maelezo, na hajarudi. Akanitazama kama nimesema upuuzi. "Hiyo sisi najua. Mimi nauliza daktari ya sasa." Nikasema hayupo, mimi Ayikoru ni msaidizi tu. "Basi daktari ni wewe. Ingia gari."

Ndivyo nilivyopandishwa cheo.

Sikupita hata nyumbani Ediofe kufunga mlango. Afadhali mume wangu, Dramadri, hakuwepo. Alivuka kwenda Kongo mwezi wa saba, baada ya mwalimu mwenzake kuchukuliwa darasani mbele ya watoto. Mimi nilikuwa nimfuate huko Aru mwisho wa mwezi huu, ruhusa yangu ya likizo ikitoka. Sasa yeye ananingoja ng'ambo, na mimi nimeletwa huku kwa ajili ya kondoo.

Kapteni Tahiru alinipokea kwenye zizi nyuma ya kambi. Sauti yake ni ya upole, na upole huo ndio ulionitisha. Ana kondoo majike thelathini, weupe, wenye manyoya mazito, walioletwa kwa ndege kutoka nchi za baridi, na dume wao mmoja. Mwaka mzima umepita na hajazaliwa hata mwana-kondoo mmoja.

"Angelo alidunga sindano ya kufunga tumbo yao," Kapteni akasema. "Sabotaji. Wewe utafungua."

"Nitajaribu, Afande."

"Hapana jaribu. Idd Kubwa ikifika, mimi nataka kuona kondoo yangu inapandwa. Nikiona, gari inarudisha wewe nyumbani. Nisipoona..." Akamgeukia dume akamkuna kichwa.

29 Agosti

Nimewakagua wote. Macho safi, kwato nzuri, wamenona kuliko mimi. Hakuna sindano iliyofunga tumbo la yeyote. Dakta Angelo angeitoa wapi sindano ya namna hiyo, wakati hata dawa ya minyoo tuliiomba mpaka tukachoka?

Asubuhi nilipata jibu bila kulitafuta. Uwanja wa shabaha uko nyuma ya ukuta wa zizi. Bunduki zilipoanza, kondoo wote walikimbilia kona moja wakapandana migongoni. Mimi nami nilijikuta kwenye kona ileile, katikati yao, nimemkumbatia mmoja shingoni. Moyo wake ulikuwa unadunda kifuani kwangu, sikujua upi ni wake na upi ni wangu.

Huko Mpwapwa, Tanganyika, nilikosomea mifugo, mwalimu wetu alikuwa akileta vichwa vya kondoo kutoka machinjioni na kuvipasua kwa msumeno. Chini ya ubongo, kwenye kitanda kidogo cha mfupa, imelala tezi ndogo kama haragwe. "Mnadhani uzazi unaanzia tumboni," alikuwa akisema. "Unaanzia hapa." Ubongo huiamrisha tezi, tezi hutoa homoni zake kwenye damu, na damu hupeleka habari kwenye mfuko wa mayai. Dakta Angelo alisoma kwenye majarida yake kwamba ubongo haumwagi amri hiyo, unaidondosha: tone, kimya, tone, kimya, kama ngoma. Ngoma ikipigwa polepole, yai halipevuki. Ikiharakishwa, linapevuka. Na mnyama mwenye njaa au hofu, ubongo wake huishika ile ngoma isilie. Unamwambia: si sasa, mtoto wa sasa ataliwa.

31 Agosti

Mvua. Siku zangu hazijaja. Tangu Dramadri avuke sijaziona.

2 Septemba

Leo nilizungumza na Kapteni. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu alfajiri, kama mtoto anayekwenda kukariri mbele ya padri.

"Afande, pale shamba lako la Ludara kuna majani laini. Haya ya hapa ni makali kwa kondoo wa nchi za baridi."

"Kwa nini Angelo hapana sema majani?"

"Labda hakufika Ludara, Afande."

"Unajua alisema nini?" Sauti ilikuwa ya kubembeleza. "Alisimama hapa, mbele ya askari yangu, akasema kondoo inaogopa. Kondoo yangu! Inaogopa nani? Hapa iko mutu ya kuogopwa?"

"Hapana, Afande."

"Mimi natisha wewe?"

"Hapana, Afande."

Kumbe ndiyo maelezo aliyotoa Dakta Angelo. Alilitamka lile neno. Ugonjwa wa kondoo hawa una jina moja tu, na jina hilo ndilo lililomwondoa. Ulimi hauna mfupa, lakini huvunja shingo.

Nikasema majani tena, na tena majani, mpaka akakubali. Nikaongeza kwamba dume atengwe nao wiki tatu, awe mbali kabisa. Akaniuliza kwa nini. "Mume akishinda nyumbani kila siku, Afande, mke hamwoni. Akisafiri akarudi, hata chai inapikwa vizuri." Alicheka sana, na askari wake wakacheka baada yake. Mimi pia nilicheka.

Ludara, 4 Septemba

Tumehamia. Hapa hakuna risasi, kuna vyura na mvua. Nimepewa chumba kando ya ghala. Jua likizama askari ananifungia mlango kwa nje, "kwa usalama wako, Daktari."

Mchungaji anaitwa Lado, mtu mzima, mkimya, ana tabia ya kusimama nyuma yako bila kukohoa. Nadhani amewekwa anichunguze. Nasema naye habari za mvua tu.

Dume amechukuliwa na mama yake Kapteni akae uani kwake Koboko mjini. Mama huyo anaitwa Medina, wote wanamwita Haboba, yaani bibi. Ni Mnubi wa asili, baba yake alikuwa askari tangu zama za Waingereza. Alishuka kwenye gari hapa leo amejifunga gurbaba ya maua, shuka la wanawake wa Kinubi, mikono imejaa hina, na harufu ya udi ikashuka kabla yake. Akanizunguka akinitazama kama mtu anayenunua.

"Hii ndiyo daktari? Mbona nyembamba?" Halafu akamtazama dume. "Na wewe Bwana Harusi, unanuka! Aibu! Twende nyumbani."

Namwogopa. Mwana wa nyoka ni nyoka, na huyu ndiye mama wa nyoka.

10 Septemba

Mvua. Kondoo wanakula wamelala, jambo ambalo hawakulifanya Koboko.

16 Septemba

Mvua. Siku zangu bado. Nimejipapasa tumbo kama ninavyowapapasa kondoo. Ingekuwa mimba ningeshajua.

20 Septemba

Askari aliniruhusu kwenda mnadani kununua chumvi ya kondoo. Muuzaji ni Raphaël, Mkongo mwenye lori, anayevuka mpaka kama mtu anayevuka ua wake. Akapima chumvi bila kuniangalia, akasema chini chini, "Bwana yako iko Aru. Iko anakungoya. Anauliza: bibi yangu anakuya siku gani?"

"Mwambie niko mzima."

"Ni ile tu?"

Askari alikuwa anakuja. Ilikuwa ile tu. Nimerudi na chumvi nikilia njia nzima.

24 Septemba

Leo dume amerudi. Hili ndilo tumaini langu lote, nalieleza ili nami niliamini.

Kondoo wa nchi za baridi huongozwa na jua. Mchana wa kwao hufupika, jicho huona, ubongo hupata habari kwamba wakati wa kupandwa umefika. Hapa kwetu mchana ni uleule mwaka mzima, jua haliwafundishi kitu. Imebaki kengele moja, nayo ni pua. Jike aliyekaa mbali na dume, akinusa ghafla ile harufu nzito ya mafuta ya manyoya yake, ubongo hushtuka na ngoma huanza kukimbia siku hiyohiyo. Yai la kwanza hupevuka kimya, bila jike kuonyesha lolote. Joto lenyewe huja wiki mbili na nusu baadaye, au tatu. Basi kabla ya katikati ya Oktoba sitazamii kitu.

Nimempaka dume kifuani udongo mwekundu uliokorogwa na mafuta ya simsim. Jike atakayepandwa atabaki na alama nyekundu kiunoni, hata Kapteni ataiona bila kufundishwa.

Haboba mwenyewe alimsindikiza. Bwana Harusi ameoshwa mpaka anang'aa. Ananukia vizuri, sijawahi kuona dume anukiaye hivi. Kweli nyumba ya Mnubi huacha alama kwa kila kinachopita ndani yake.

30 Septemba

Jioni, nikishafungiwa, harufu ya ubani inapenya dirishani. Nadhani Lado anafukiza mbu. Nimeanza kuingoja, maana ndiyo saa pekee moyo wangu unapotulia.

7 Oktoba

Mvua. Hakuna alama.

13 Oktoba

Hakuna alama. Kila asubuhi nampaka dume rangi, kila asubuhi viuno vyao ni vyeupe kama sanda. Haboba ameleta mkate na kuniuliza, "Bado?" Nikasema bado. Akavuta mtandio wake mdomoni, akaondoka bila kuaga. Anakwenda kumwambia mwanawe, najua.

16 Oktoba

Hakuna alama. Nimeota Dakta Angelo amesimama zizini ananionyesha pua yake. Nikamwambia, Dakta, sina muda wa mzaha.

18 Oktoba

Leo nimejua, na sijui nicheke au nilie.

Askari wa mlango aliitwa Koboko mchana, wanakusanya watu, kuna jambo huko kusini hawalisemi. Jua likazama, hakuna aliyenifungia. Nikaufuata ubani mpaka zizini. Pale kibandani nikaona blanketi kubwa limeinuka katikati kama hema, moshi unatoka pembeni, na kichwa cha Bwana Harusi kimetokeza juu, macho yamelegea kwa raha. Chini yake chetezo kimejaa makaa. Na Lado amechuchumaa, anamsugua mbavu kwa dilka, ule unga wenye manukato wanaosuguliwa maharusi wa Kinubi.

"Lado! Unafanya nini?"

"Kazi ya Haboba, Mama Daktari. Kila jioni. Anasema bwana harusi hapana ingia kwa bibi na kunuka."

"Tangu lini?"

"Tangu nyumbani kwake. Osha, sugua, fukiza."

Nilikaa chini kwenye samadi. Wiki zote hizi nimekuwa nikimshika dume yule kila asubuhi, nikifurahi anavyonukia! Pua yangu ilistarehe nikazisahau pua zao. Kwa majike wale hakuna dume aliyekuja. Kimekuja chombo cha ubani chenye miguu minne.

"Kwa nini hukuniambia?"

Lado akauweka mkono wake wenye dilka gotini. "Wewe hapana uliza. Wewe nasema na mimi mvua tu. Na mimi nitakataa mama ya Kapteni? Mimi naogopa, Mama Daktari."

Alilitamka. Alilitamka waziwazi, na hakuna aliyetoka gizani kumkamata. Siku zote nilidhani anasimama nyuma yangu kunichunguza. Kumbe alikuwa anangoja nigeuke.

19 Oktoba

Kumwambia mama wa Kapteni kwamba kosa ni lake: nilitamani mtu mwingine alifanye hilo. Alipokuja na mkate wake nikamkalisha juu ya gunia la pumba, nikaanza kuzunguka. Nikasema habari ya pua. Nikasema habari ya ubongo. Nikasema udi wake ni mzuri mno, na uzuri huo ndio...

"Mimi niliharibu," akanikatiza.

"Haboba, sikusema hivyo."

"Umesema. Sema tu." Akavua kiatu, akakivaa tena. "Mimi nilitoa dilka yangu ya dawa za zamani, ya harusi yangu. Nilifikiri, huyu binti akishindwa watachukua yeye kama walichukua yule Angelo. Wacha mimi nasaidia kidogo. Na nimesaidia kuua wewe."

Akauweka mkate chini, akatazama mikono yake ya hina.

"Wewe unafikiri naleta maneno kwa Tahiru," akasema. "Mimi nilizaa yeye, nilinyonyesha yeye, na gari yake ikiingia uani mimi nakimbilia jikoni. Mama anaogopa mutoto wake! Nitaambia nani?"

Nikamshika mkono. Tulikaa hivyo mpaka mvua ikapungua. Halafu akajipangusa, akauliza kwa sauti ya amri, "Sasa tunafanya nini?"

Nikamwambia Bwana Harusi aondolewe, aogeshwe na mvua tu, asiguswe na mtu. Na majike waletewe dume mwingine leoleo, mgeni, asiyejua maji.

Lado akakohoa kwa mara ya kwanza. Anaye mmoja kwake, wa kienyeji, alimwekea Haboba wa kuchinja siku ya Idd. "Lakini huyo ananuka," akasema kwa haya.

"Kiasi gani?"

"Mke wangu hapana taka yeye karibu na jiko."

20 Oktoba

Amekuja. Mdogo, mwekundu, ndevu zimekakamaa, ananuka mpaka inzi wanamfikiria mara mbili. Tumemfunga aproni ya gunia tumboni ili aamshe tu asipande, maana Kapteni akiona wana-kondoo wekundu tumekwisha wote. Alipoingia zizini majike wote walinyanyua vichwa kwa pamoja. Kila pua ilikuwa juu. Yakaja machozi nikayaacha.

Sasa ni kungoja, na Idd ni tarehe kumi mwezi ujao.

28 Oktoba

Mvua. Siku zangu bado. Lado anasema mvua hii ni ya mwisho mwisho. Sasa tunaongea hata yasiyo ya mvua.

1 Novemba

Redio inasema jeshi limevuka kusini na kuchukua ardhi ya Tanzania mpaka mto Kagera. Askari wa barabarani walipiga risasi hewani kwa furaha mpaka jioni. Kondoo walijazana kona, nami na Lado tukaingia katikati yao tukawashika, tukiwaimbia chochote kilichotujia. Nilikuwa naiomba ile ngoma vichwani mwao: usinyamaze, tafadhali, usinyamaze sasa.

3 Novemba

Kapteni alipita akielekea vitani. Hakuangalia kondoo.

"Daktari, Swahili yako ni safi sana. Wapi ulisoma?"

Mkono wangu ulikuwa ndani ya ndoo ya udongo mwekundu. Nikauacha humo. "Kwa mapadri, Afande, Ediofe."

"Mapadri." Akarudia neno polepole, kama anaonja chumvi. "Hapa sisi nasema kondoo yangu. Wewe nasema kondoo wangu. Ni watu ya Tanganyika nasema hivyo."

"Ni vitabu, Afande."

"Nitauliza ofisi yako Arua. Iko karatasi." Akapanda gari.

Karatasi ipo. Imetundikwa ukutani juu ya meza yangu, ndani ya fremu, nilivyokuwa mjinga wa kujivuna: Mpwapwa, kwa herufi kubwa.

6 Novemba

Jana tulimtoa yule mwekundu, tukamrudisha Bwana Harusi, amechafuka, manyoya yameshikana, ananuka kama Mungu alivyomuumba. Hakuna alama.

8 Novemba

Alama!

Lado alinigongea mlango kabla jua halijatoka vizuri. Saba wana wekundu viunoni. Mwingine alikuwa amesimama mbele ya Bwana Harusi anatikisa mkia bila soni. Lado akanishika mabega akanirusha, mtu mzima yule, tukacheza kwenye matope. Saa chache zile sikuogopa kitu. Nimeandika hivyo ili niikumbuke hali yenyewe.

9 Novemba

Kumi wengine wamepata alama. Haboba alikuja mchana, akaziona alama, akasema alhamdulillahi. Lakini hakukaa.

"Simu ya kambi imeleta maneno ya Tahiru," akasema. "Nimeambia yeye kondoo iko vizuri, iko nyekundu. Amefurahi. Halafu akasema, ile daktari ya Tanganyika, baada ya Idd ipelekwe kambini. Kutoa maelezo."

Maneno yaleyale. Nilikalia ndoo. Nilifanya kazi niliyoambiwa, ikafaulu, na haikuwa na uzito wa punje. Nilikuwa nimedhani woga wangu una mlango, na ufunguo wa mlango ni kondoo.

"Haboba, nitafanya nini?"

Akanishika kidevu. "Kesho asubuhi mapema gari yangu itachukua wewe kuja kwangu. Utakuja kuoga."

10 Novemba, Idd Kubwa

Naandika nikiwa Ingbokolo, upande wa Kongo, kwenye ua wa dada yake Haboba.

Alfajiri waliniingiza chumbani kwake, Haboba na wanawake wawili wa ukoo. Hawakuniuliza lolote. Wakaniosha, wakanisugua dilka kuanzia shingo mpaka nyayo, wakanikalisha juu ya chetezo na kunifunika blanketi, kichwa tu nje. Nikamkumbuka Bwana Harusi na macho yake yaliyolegea, nikacheka. Hina mikononi. Gurbaba ya maua. Mtandio mwekundu usoni.

"Bibi harusi hapana ongea," Haboba akasema. "Siku zote saba za harusi. Ata kama malaika anauliza jina. Hiyo Swahili yako ya vitabu, meza."

Uani walikuwa wamemchinja yule dume mwekundu wa Lado. Nyama iligawanywa kama desturi: ya nyumbani, ya masikini, ya ndugu. Fungu la ndugu likawekwa kwenye karai, karai likawekwa mapajani pangu, na gari likaelekea mpakani. Nyama ya Idd haizuiwi. Huo ndio ulikuwa mpango wote.

Kizuizini walikuwepo wanne. Mmoja nilimtambua: ndiye aliyekuwa akinifungia mlango Ludara. Aliniona kila siku kwa wiki sita, mpaka alipoitwa Koboko. Akainamisha kichwa dirishani mpaka pumzi yake ikanigusa, na mimi nikatazama damu kwenye karai.

Akavuta hewa. Udi, dilka, karafuu, hina. Nikaona uso wake unalegea.

"Idd mubarak, Haboba. Bibi harusi?"

"Mutoto ya dada yangu. Bado mubichi, usiangalie sana."

"Ananukia!" akasema, akacheka, akapokea kipande cha nyama. Kizuizi kikainuliwa.

Pua yake ilimwambia kwamba mimi ni mtu mwingine, na kichwa chake kikaamini pua. Ubani ule uliomnyamazisha dume ndio ulioninyamazisha mimi, na nikapita.

Huku ng'ambo Haboba alishuka akanishika uso kwa mikono miwili. Nikamuuliza atamwambia nini Tahiru. "Nitasema ulitoroka. Mutoto hapigi mama," akasema. Lakini hakuachia uso wangu, na sikujua ni nani anamshika mwenzake asianguke.

Aru, 12 Novemba

Raphaël alinileta juu ya magunia ya kahawa. Nilibisha. Dramadri akafungua, akaona maua na hina na mtandio, akarudi hatua nyuma kwa heshima. "Karibu, mama. Unamtafuta nani?"

Nilipofungua mdomo kumjibu, sauti haikutoka. Ilibidi nivue mtandio.

20 Novemba

Naoga mara mbili kwa siku, harufu haitoki. Gari likipita barabarani najikuta konani. Dramadri ananivuta taratibu.

9 Desemba

Mvua zimekwisha, upepo mkavu umeanza. Raphaël amefika kutoka Ludara. Majike hawajarudia joto hata mmoja, anasema Lado, maana yake wameshika. Haboba yuko uani kwake, mzima. Ametuma salamu: "Ambia binti yangu, Bwana Harusi sasa ananuka vizuri sana."

13 Desemba

Asubuhi nilipoamka nikaona damu kwenye shuka. Nikakaa kitandani nikalia kwa sauti, kilio cha miezi mitano. Dramadri alikuja mbio, akaona shuka, akanikumbatia akasema pole, pole mke wangu, tutapata tu, Mungu hatupi mja wake.

Hakuelewa. Nikamtoa mikono nimtazame.

"Si kilio hicho," nikamwambia. "Ngoma imeanza kulia. Kichwa changu kimeamini kwamba nimefika."